Mbung'o wa Wajir

Mume wangu Mustafe alikuwa na maana yake mwenyewe ya zoolojia. "Ni elimu ya wanyama wasiouzika," alikuwa akiwaambia wageni, nami nikiwa papo hapo na birika mkononi. Wageni walicheka. Mimi pia nilicheka, mwanzoni, kwa kuwa anayesema hivyo alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu ambaye akimtazama ng'ombe haoni kitu ila soko, na mzaha wa namna hiyo ulimkaa vizuri. Miaka ilivyokwenda kicheko changu kilipungua, kikawa tabasamu, halafu nikawa namimina chai na kuondoka na birika langu.

Jina langu ni Ugbad. Nafundisha zoolojia katika chuo kimoja hapa mjini Garissa, na kila mwaka wanafunzi wapya huniletea maana ile ile ya Mustafe kwa maneno mengine. Wengi wao ni watoto wa wafugaji. Wanamjua ngamia kwa meno na kwa nyayo, na wanaingia darasani wakidhani watafundishwa kuchanja mbuzi. Siku ya kwanza huwaambia: anayetaka kutibu mbuzi, idara yake iko jengo lile pale, aende kwa amani. Hapa tunamsoma mnyama kwa sababu yupo. Tunasoma alivyoumbwa na damu yake inavyozunguka, anavyozaa, anavyomhadaa adui yake, nani ni jamaa yake katika viumbe, na kwa nini anaishi bonde hili ilhali bonde la pili huwezi kumpata hata kwa dawa. Kupe yumo. Konokono yumo. Na minyoo iliyo tumboni mwako wewe unayecheka huko nyuma, nayo imo.

"Sasa hao wana faida gani, mwalimu?" huuliza mmoja wao, hakosekani. "Hawana maziwa, hawana nyama."

Hapo ndipo huwapa habari za mbung'o, yule inzi mnyonya damu anayemaliza ng'ombe kule kusini karibu na msitu wa Boni, ambaye wazee wetu humwita gendi. Mbung'o jike hatagi mayai kama inzi wengine. Hubeba mtoto mmoja tumboni, humlisha maziwa humo humo, kisha humzaa akiwa mnene karibu sawa na mama mwenyewe. "Kwa hiyo maziwa anayo," nawaambia, "ila hakuwawekea nyinyi." Darasa hucheka, na nikishakisikia kicheko hicho najua nimewapata.

Aliyecheka kuliko wote mwaka mmoja alikuwa msichana kutoka Hulugho, Ilhan. Alicheka, kisha akaja ofisini kwangu kuuliza hayo maziwa hutoka wapi mwilini mwa inzi. Nilimpenda palepale. Nilimfundisha hadi akahitimu, nikamsimamia alipoanza shahada ya pili, nikamtafutia mitego ya mbung'o, ile ya vitambaa vya buluu na vyeusi, akaenda kuitega kwao Hulugho ili ajue inzi hao wanasogea kiasi gani mvua inapokosekana. Nilikuwa namwambia kila mtu: huyu atanipita. Nilisema kwa furaha. Si kila mwalimu husema hivyo kwa furaha.

Siku hizo Mustafe alikuwa akinunua ng'ombe Hulugho, na mitego ile alikwenda nayo yeye kwenye pikapu yake. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimfungashia na tende za Ilhan, nikamwambia amjulie hali na wazazi wake, aniambie kama wanamruhusu kufanya kazi porini bila maneno. Akarudi akasema wazazi wake ni watu wazuri. Safari iliyofuata alijitolea mwenyewe kumpelekea chupa za kuhifadhia inzi, nami nikafurahi kwamba sasa hata Mustafe anabeba zoolojia kwenye gari lake.

Kisha Ilhan akaniandikia ujumbe mfupi kwenye simu: "Mwalimu, nimeacha masomo. Nisamehe." Nikapiga simu, haikushikwa. Nikapiga tena na tena, mwisho nikagundua amenifungia kabisa. Niliumia, sitaficha. Nilizunguka nyumba nzima nikimlaumu, mtoto niliyemshika mkono namna ile ananifungia simu kana kwamba mimi ni mtu wa kudai. Mustafe alikuwa ameketi akichokoa meno.

"Wasichana hawa, abaayo, wanataka kuolewa," alisema. "Wewe unamkimbiza na mbung'o."

Abaayo ni dada, mpenzi; ndivyo alivyoniita akitaka kunituliza. Nikatulia. Nilimkasirikia Ilhan tangu siku hiyo, na nikikutana na jina lake kwenye makaratasi nililiruka. Mustafe naye, karibu wakati huo huo, akasema biashara ya Hulugho imemchosha, ng'ombe wanakufa ovyo, sasa yeye ni mtu wa Wajir na ngamia. Tangu hapo kila baada ya muda alikuwa Wajir.

Sasa kuna jambo la Kampala, na hilo ndilo lililokuwa roho yangu. Chuo kikuu kimoja huko kilikubali kunichukua kwa shahada ya uzamifu, nisome wadudu wanaonyonya damu katika nchi kavu, na msimamizi wangu akawa mama mmoja ambaye maandishi yake niliyasoma nikiwa mwanafunzi nikatamani kumwona tu. Watoto wetu wawili walikuwa tayari shule ya bweni. Hakukuwa na kizuizi ila Mustafe. Na Mustafe hakukataa. Angekataa ningepigana naye, mimi si mtu wa kunyamaza. Alinisihi. Alikaa kando yangu kitandani akasema, "Ugbad, mimi si mtu wa kukaa peke yangu. Nikirudi kutoka Wajir nikute nyumba giza, nitakuwa nani?" Macho yake yalilowa. Nilikuwa sijawahi kuona macho ya Mustafe yakilowa hata kwenye mazishi. Nikaiandikia Kampala kwamba naomba waniwekee nafasi hadi mwaka unaofuata.

Wiki chache baadaye akaniletea hadubini.

Acha niieleze siku hiyo vizuri. Ilikuwa alasiri, nami nimetoka chuoni, nikamkuta Mzee Olow sebuleni. Olow ni adeer yake Mustafe, yaani ndugu wa baba yake, mzee ambaye ujana wake wote alikuwa askari tawala huko Nakuru, na anayependa kusema nami Kiswahili, p yake ikitoka b na v yake ikitoka f, kwa sababu anaamini ndiyo heshima ya watu waliosoma. Alikuja na wazee wengine wawili wa ukoo. Mustafe akaweka boksi mbele yangu, akasema, "Hii ni yako, kutoka kwangu." Nilipofungua na kuona ni hadubini, mpya, yenye taa yake, chombo ambacho chuo kizima kilikuwa nacho kimoja tena kibovu, nilipiga vigelegele hadi jirani yangu Roda akaja mbio akidhani kuna harusi. Nikasema mbele ya wote, "Mustafe, Mungu akulipe. Nimepokea kwa mikono miwili na moyo wangu ni mweupe."

Wazee wakatazamana. Mzee Olow akasema mashallah, huyu ni mwanamke hasa, akainua mikono akaomba dua, nasi tukaitikia amina. Roda alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akaenda zake bila kunywa chai. Nilidhani ni kijicho. Nilidhani wazee wameletwa ili Mustafe afute mbele yao mizaha yake ya miaka mingi, na kwamba hadubini ni fidia ya Kampala. Usiku huo nilimpikia nyama ya ngamia kwa mikono yangu mwenyewe, na mimi jikoni si mtu wa kusifiwa.

Mwaka ukapita. Kampala wakaandika tena: nafasi ipo, lakini hii ni mara ya mwisho, tunataka jibu kabla ya Ijumaa. Mustafe akaanza tena maneno yake ya nyumba giza. Niliandika jibu la kukataa kwenye simu yangu, la adabu, lenye shukrani nyingi. Sikulituma. Kila nilipokaribia kulituma kidole changu kilikuwa kizito, nikajiambia nitalituma kesho.

Akarudi kutoka Wajir siku ya Jumanne, amechoka, akala, akalala. Asubuhi nilikwenda kwenye pikapu kutafuta kanga yangu niliyoisahau kwenye kiti. Pale mbele, kwenye ukingo wa kioo ambapo jua hupiga, palikuwa na inzi mkavu amelala chali. Mtu mwingine angempuliza. Mimi kazi yangu ni inzi.

Nilimbeba kwa karatasi hadi kwenye meza yangu. Sikuhitaji hadubini kwa kweli. Mdomo wake ulisimama mbele kama sindano, na mabawa yake yalilaliana, moja juu ya jingine kabisa, kama visu vya mkasi uliofungwa. Wajir wana inzi wanaouma, wale wanaowapa ngamia ugonjwa wa dhukaan wakakonda hadi kufa, lakini mabawa ya hao hukaa yameachana. Nilimweka chini ya hadubini ili nijikanushe. Nikaona kwenye bawa kile kijumba chenye umbo la shoka ambacho hakuna inzi mwingine duniani aliye nacho. Na tumboni mwake bado kulikuwa na damu, imekauka lakini haijafifia. Huyu alinyonya siku hizi hizi.

Mbung'o hawaishi Wajir. Hakuna kivuli cha kuwatosha, hakuna unyevu. Angefika asubuhi angekuwa maiti saa sita. Wanaishi kusini, kwenye vichaka vya kuelekea Boni, kuanzia pale Hulugho. Hilo ndilo jambo ninalofundisha kila mwaka, kwamba kujua mnyama ni nani ni nusu tu ya elimu. Nusu nyingine ni kujua yuko wapi na kwa nini si kwingine.

Wakati wa chakula cha mchana nilimuuliza Wajir kukoje.

"Kavu," alisema. "Visima vimeshuka. Watu wanapanga foleni na punda tangu alfajiri."

"Ngamia?"

"Wapo, lakini wenyewe wamekuwa wagumu. Nimekaa na mzee mmoja siku nzima, mwisho akaondoka na ngamia wake."

Alieleza vizuri sana. Alinieleza hata vumbi. Nikaona kitu kimoja tu: hakuapa. Mustafe huapa hata akisema chai ina sukari. Nikamuuliza, "Hulugho hujapita?" Akanitazama haraka, akacheka, akasema, "Hulugho nina nini mimi?" Kisha akaomba maji.

Sikudhani kuna mwanamke, kwa kweli. Nilidhani amepata hasara kwenye ng'ombe na anaona haya, au ameingia biashara ya kuvusha vitu mpakani, na hofu yangu ilikuwa kwamba atakamatwa. Ndiyo maana nilikwenda kwa Mzee Olow. Nilimkuta barazani kwake akisikiliza redio. Nikamsalimia, nikauliza afya, nikauliza wajukuu, kisha nikasema, "Adeer, nisaidie. Mustafe anafanya nini Hulugho?"

Mzee alizima redio. "Kwani ameacha kugawa siku sawa?" aliuliza. "Nilimwambia, nyumba mbili ni haki. Huku siku hii, kule siku hii. Kama anakubunja, mimi nitamwita."

"Nyumba mbili?"

"Ugbad." Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Wewe si ulibokea masayrtir yako? Mbele yangu? Ulibiga hata figelegele. Mimi nilisema, wallahi, mke kama huyu sijaona, yeye analetewa mke mwenzake na anafurahi."

Katika nchi yangu sihitaji kumweleza mtu masayrtir ni nini, lakini kwa asiyejua: mwanamume akioa mke wa pili humpa wa kwanza zawadi ya kufuta wivu, dhahabu au mfugo, mbele ya mashahidi. Mke akiipokea, mambo yameisha. Hana tena la kulalamika, na akilalamika huambiwa ulikula ukashiba. Najua desturi hiyo tangu utotoni. Nimeona bangili zikitolewa, nimeona ngamia akiletwa na kamba shingoni. Lakini nani katika ukoo wetu amewahi kusikia masayrtir ya hadubini? Angeleta dhahabu ningejua kabla hajafungua mdomo, ningemtupia usoni, na yeye alilijua hilo. Kwa hiyo akachagua kitu kimoja tu duniani ambacho ningekipokea bila kuuliza. Miaka yote aliyokuwa akiicheka zoolojia yangu, kumbe alikuwa ameisoma vya kutosha kujua pa kunishikia.

"Ni nani?" nilimuuliza Mzee Olow.

"Si yule wako," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Yule wa shule. Ilhan. Mustafe alisema ni wewe ulimchagua."

Nilitembea kurudi nyumbani kwa miguu, juani, na sikumbuki njia. Nakumbuka nilikuwa nikisema peke yangu na watu wakinipisha. Dini haimlazimu Mustafe kuniomba ruhusa, hilo nalijua kuliko yeye. Angenijia akasema, Ugbad, nimeoa, ningelia, ningemtukana yeye na ukoo wake hadi babu yake wa saba, ningekwenda kwa kaka zangu, na labda ningezoea, labda nisingezoea. Lakini angekuwa amenichukulia mume tu. Badala yake alinichukulia hata shukrani yangu. Alinifanya nimshukuru mbele ya watu kwa kunisaliti, na mji mzima ukajua isipokuwa mimi, na Roda akatoka bila kunywa chai.

Nilimkuta anajiandaa kwenda msikitini. Nilimwambia najua. Hakukana hata kidogo, na hilo lilinikasirisha zaidi, kwa maana nilikuwa nimejipanga kwa uongo wake.

"Basi umejua," alisema. "Ulipokea."

"Nilipokea hadubini, Mustafe."

"Ulipokea mbele ya wazee watatu ukasema moyo wako ni mweupe. Mimi sikukufundisha maneno hayo."

Nikamuuliza jambo lililonikaba kuliko jina la Ilhan. Kama tayari alikuwa na nyumba nyingine, kwa nini aliniomba kwa machozi nisiende Kampala? Nyumba giza ilikuwa ipi? Alivaa kofia yake polepole mbele ya kioo kabla ya kujibu, na alijibu bila hasira, kama anavyomweleza mnunuzi bei ya ng'ombe.

"Ungeondoka kwanza, watu wangesema Ugbad amemwacha Mustafe, naye akaokota msichana wa Hulugho. Ukiwa hapa, mimi ni mwanamume mwenye nyumba mbili. Elewa tofauti." Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Sasa imeshatulia. Ukitaka Kampala, nenda. Ilhan atahamia huku, nyumba haitakaa tupu."

Yule aliyenililia kitandani mwaka mmoja uliopita sasa alikuwa ananipa ruhusa kama anayemrudishia mtu mwavuli.

Alhamisi asubuhi nilichukua gari la chuo na dereva wetu Dubow, nikasema nakwenda kukagua kazi ya utafiti Hulugho. Haukuwa uongo, mitego ile ni mali ya chuo. Tulipofika Masalani mtandao ulishika. Nilifungua simu, nikafuta lile jibu la adabu neno kwa neno, nikaandika kwamba nakuja. Nilipolituma nilingoja furaha, haikuja. Dubow akaniuliza kama nimepata habari mbaya, nikamwambia hapana, endesha.

Njia nzima nilikuwa napanga nitakachomwambia Ilhan. Nilikuwa na maneno makali na yote yalikuwa ya haki. Nilimlea. Nilimwita mtoto mbele ya wenzake. Nilipanga nimuulize kama alicheka, siku Mustafe alipomweleza habari za vigelegele vyangu. Kwa Mustafe nilikuwa na hasira, lakini kwa Ilhan nilikuwa na kidonda, kwa kuwa mume unaolewa naye mkiwa wageni, lakini mwanafunzi kama yule unamchagua mwenyewe.

Alitoka mlangoni aliposikia gari. Alikuwa amenenepa kidogo, amejifunga kichwani shashi la mke wa mtu, na aliponiona hakukimbia wala hakuinamisha kichwa kwa haya niliyoitarajia. Alisimama wima. Alikuwa amekasirika. Nilishuka na maneno yangu yote, nikamkuta yeye ndiye mwenye hasira.

"Karibu, mwalimu," alisema, na akanipa kigoda kivulini kwa sababu alilelewa vizuri, kisha akabaki amesimama. "Umekuja kuhakikisha?"

"Kuhakikisha nini?"

"Kwamba nimeacha."

Dirishani mwa nyumba yake palining'inia kitambaa cha buluu, na kingine cheusi kilikuwa mlangoni. Nilivijua, nilivinunua mimi. Nilimwambia sielewi anachosema. Akacheka kicheko kifupi kisicho chake.

"Sharti lako," alisema. "Mustafe alikuja kwa baba akasema mke wake amekubali, tena amenichagua mwenyewe, mradi nisiendelee na shule. Alisema wewe umesema mwanamke mmoja wa zoolojia anatosha katika nyumba ya mtu. Kwamba hutaki kuja kushindana na mimi uzeeni. Baba akaniambia, kama mwalimu mwenyewe ametaka hivyo, wewe ni nani ukatae?" Sauti yake ilianza kutetemeka, akaikaza. "Nililia mwezi mzima. Si kwa kuolewa. Nilijiuliza nimekukosea nini. Nikakufungia simu nisije nikakutukana, maana wewe ni mwalimu wangu."

Maneno yangu makali yalipokwenda sijui. Nilisimama kutoka kwenye kigoda, nikamwambia kwamba sikusema hivyo, kwamba sikujua ameolewa hadi jana, kwamba hadubini nilipewa kama zawadi na nikaipokea kama zawadi. Nilimwambia kuhusu inzi kwenye kioo cha gari. Nilimwambia nakwenda Kampala, na nafasi yake chuoni bado ipo, arudi, nitamwombea msimamizi mwingine, mitego aitege tena kesho. Nilisema kwa haraka, nikarudia, nikajisikia nasikika kama mtu anayedanganya.

Ilhan alinisikiliza hadi mwisho. Alinitazama usoni kwa makini, vile nilivyomfundisha kumtazama mdudu kabla ya kumpa jina.

"Nitamuuliza," alisema.

"Utamuuliza nani?"

"Mustafe. Anakuja Jumapili. Nitamuuliza kama ni kweli."

Nilimshika mkono, akauacha mkononi mwangu bila kuufumba. Nilijua Mustafe atamjibu nini, na kwa sauti gani, na kwamba labda macho yake yatalowa. Nilijua pia kwamba atamwamini, kwa sababu hata mimi, niliyeishi naye miaka yote hiyo, nilimwamini hadi juzi.